Koti la Bwana Stoo

Kumb. Na. NYUMBANI/MTOTO/1
12 Januari

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi huku ni wazima, ukiacha goti la mama yako, ambalo siku hizi ndilo linaloamua kama tutatoka au tutabaki nyumbani. Dada yako amepandishwa cheo, sasa ndiye muuguzi mkuu wa wodi, na ameanza kutupima presha hata tusipomwomba. Bati la jikoni linavuja palepale. Mama yako anataka nikuandikie kwamba amekukumbuka. Nimemwambia hilo si jambo la kufungulia faili, lakini kwa kuwa amesimama nyuma yangu, nimeandika.

Simu sikupigii, na sababu unaijua. Nilikaa stoo ya serikali miaka thelathini na moja. Jambo ambalo halijaandikwa na kutiwa sahihi, kwangu mimi bado halijatokea.

Sasa jambo lenyewe. Alhamisi jioni nilikuwa kwa kinyozi. Pale pana televisheni, na mimi siwezi kumwamuru mtu azime kitu chake dukani kwake. Kwa bahati mbaya walikuwa wanaonyesha kile kipindi ambacho wanasema na wewe umo. Sikutazama, nilikuwa nimeinamishwa kichwa. Lakini kwa jicho moja nikaliona koti langu.

Koti langu la kahawia, lililopotea miaka tisa iliyopita. Kitufe cha tatu hakipo. Kwenye mkono wa kushoto pana alama ya pasi, na alama hiyo aliiweka Dobi mwenyewe, jirani yetu, enzi hizo tukicheza naye drafti kila Jumapili. Nadhani unakumbuka yaliyotokea. Nilimpa Dobi koti alipige pasi. Yeye anadai alilirudisha, akakuta sebule haina mtu, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikamwuliza, sahihi ya mpokeaji iko wapi? Hana. Basi aliliiba. Tangu hapo hatusalimiani, na nguo zetu zinafuliwa hapahapa nyumbani, jambo ambalo mama yako hulizungumzia.

Kumbe aliwauzia watu wa televisheni. Wewe uko humohumo ndani. Niulizie ni nani alilipeleka hapo, lini, na kwa karatasi gani.

Na huyo mzee anayelivaa, wanayemwita Bwana Stoo, wanasema ni wewe uliyepakwa unga kichwani. Sijui umemtoa wapi mtu wa namna ile. Anafungia sukari kwa kufuli, anahesabu njiti za kiberiti, anamtaka mke wake atie sahihi kabla ya kumpa sabuni. Watu wa namna hiyo wanachosha sana. Mimi nadhani umemwiga yule bwana wa posta.

Usichelewe kujibu.

Baba yako

*

2 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na mihuri mitatu, miwili kati yake naona ni ya kwako. Mimi ni mzima. Mpe dada hongera zangu, na umwambie presha yangu iko sawa, asipande gari kuja kuithibitisha. Mama mwambie nami nimemkumbuka. Naomba hilo liingie kwenye faili.

Kazi inakwenda vizuri. Niruhusu niiite kazi, kwa sababu naamka kabla ya jogoo na kuna mtu ananifokea. Unajua nilianza kwa kuwa maiti. Miaka mitatu mizima nilikuwa nakufa kwenye tamthilia za watu: nimekufa kwa sumu, kwa ajali, kwa wivu, na mara moja kwa sababu mwandishi alikosa la kunifanyia. Siku nilipopiga chafya ndani ya jeneza ndipo mwongozaji alipogundua kwamba nachekesha. Akanihamishia kwenye vichekesho, nikawa mlinzi, nikawa mlevi wa pili, nikawa mama mkwe. Mwezi wa kumi na moja aliniomba nilete mtu mpya, nikaleta Bwana Stoo.

Sasa siwezi kutembea. Vijana wananipita wamepandisha suruali hadi kifuani. Sokoni mama mmoja alikataa kunipa nyanya mpaka nitie sahihi kwenye mfuko. Mwongozaji anasema kuanzia Aprili huenda Bwana Stoo akapata kipindi chake mwenyewe, nusu saa kila wiki. Msimu huu ukiisha nitakuja nyumbani. Najua nimewahi kusema hivyo.

Kuhusu koti, mtunza mavazi yuko likizo. Chumba chake kina makoti mengi, Baba, na kahawia ni rangi ya kawaida sana. Nitauliza akirudi.

Nina swali dogo tu. Alama ya pasi uliionaje na wewe umeinamishwa kichwa? Halafu, unanyolewa nini? Mara ya mwisho kukuona, kichwa chako kilikuwa kinaonyesha taa ya sebuleni, na waya wake.

Mwanao

*

Kumb. Na. NYUMBANI/MTOTO/2
19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako ameisoma barua yako mara nne na kila mara anacheka mahali tofauti. Goti limepungua. Bati bado.

Nina ndevu. Zinakua upesi, hasa siku za Alhamisi. Nashukuru kwa kujali.

Kabla sijafika kwenye jambo letu, nataka kurekebisha kosa, ingawa kipindi chenyewe sikitazami. Kinyozi amenieleza kwamba wiki iliyopita huyo Bwana Stoo alimpa mke wake balbu mpya hivihivi, kwa kuombwa tu. Hakuna mtunza stoo duniani anayetoa balbu mpya kabla ya kupokea ile iliyoungua. Iliyoungua inakuja kwanza, inakaguliwa, inatikiswa sikioni, ndipo mpya inatoka. Pia anaandika kwa penseli. Penseli ni ya wezi. Na funguo zinakaa upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki kwenye kalamu. Mfikishie mzee huyo salamu zangu, maana simjui, ila anaiaibisha fani.

Mama yako anasema niandike kwamba nilipokuwa kwa kinyozi nilicheka hadi povu likaniingia puani. Nimekataa kuandika hivyo.

Sasa koti. Umesema kahawia ni rangi ya kawaida. Mimi sikuuliza habari za rangi. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikamweleza kila kitu, akapanga tukutane mimi na Dobi mbele ya wazee wa mtaa, Jumamosi tarehe 28 Machi. Nimewaambia majirani wote. Wateja wa Dobi wameanza kuhesabu mashati yao mlangoni kwake, nimewaona kwa macho yangu. Ninachohitaji ni barua yako, kwa maandishi, inayosema ni nani alilifikisha koti langu hapo. Mistari miwili inatosha. Hiyo shughuli yako ya kuchekesha mimi siwezi kuiita kazi, maana haina saa ya kufunga wala ufunguo wa kukabidhi. Lakini kuandika mistari miwili hata mtu asiye na kazi anaweza.

Baba yako

*

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mafua yalinikamata wiki nzima, sasa nimepona. Jirani yangu wa juu amenunua ngoma, na nadhani anajifunza kwa kosa moja analolirudia.

Nakuomba usiende kwa mwenyekiti. Dobi amefua nguo zetu tangu sijaota meno. Ni mtu mzima, ana familia, na nguo za watu ndizo riziki yake. Ukimwita mwizi mbele ya wazee wa mtaa, nani atampa shati lake tena?

Balbu ile, Baba, imenipa kicheko kikubwa kuliko vyote vya mwaka huu. Bwana Stoo alikataa kutoa balbu mpya mpaka aletewe iliyoungua. Mke wake akashindwa kuiona iliyoungua, kwa sababu nyumba ilikuwa giza. Dakika sita tulizunguka humo gizani. Mpiga picha alitikisika hadi kamera ikatikisika. Funguo nimezihamishia kushoto, na penseli nimeitupa. Kama kuna mengine ambayo huyo mzee usiyemjua anayakosea, niandikie.

Jumanne iliyopita mazoezini, kwa sababu zangu mwenyewe, nilijaribu kumwigiza nikiwa na koti jingine. La bei, limeshonwa vizuri, vitufe vyote vipo. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilijisikia kama karani wa benki anayeumwa tumbo. Mikono haikujua pa kukaa, maana lile la zamani lina mifuko iliyoning'inia hadi mapajani, na Bwana Stoo anaishi ndani ya mifuko ile. Mwongozaji akaniambia nirudishe koti langu haraka, la sivyo nusu saa ya Aprili anampa mwanamke mmoja anayeongea na mbuzi.

Kuhusu Dobi, hana kosa. Hilo nalijua kwa hakika. Naomba kwa mara hii moja uniamini bila maandishi.

Mwanao

*

Kumb. Na. NYUMBANI/MTOTO/3
13 Machi

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 3 imepokelewa na kusomwa. Haina jibu ndani yake, kwa hiyo nimeiweka kwenye faili la barua za kawaida.

Kikao kiko palepale, Jumamosi tarehe 28, saa nne asubuhi. Mama yako hasemi nami tangu juzi. Anaongea na goti.

Baba yako

*

Ijumaa, 27 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sianzi na habari za huku, utanisamehe. Barua yako fupi ilinifikia Jumanne. Nilihesabu siku: nikikuandikia, posta itakufikishia baada ya kikao. Simu hupokei. Nikafikiria kumpigia dada, halafu nikajua utamwuliza karatasi iko wapi. Kilichobaki ni kukutafuta mahali ninapojua upo kila Alhamisi jioni, na taulo shingoni.

Kipindi kinakwenda hewani moja kwa moja. Mwandishi alikuwa ameniandikia kisa cha ndoo. Nikaingia, nikasimama katikati, nikavua koti. Nikafuta unga kwa kiganja. Mwongozaji alikuwa anapunga mikono kama mtu anayefukuza kuku. Nikasema hivi, nakuandikia neno kwa neno ili uyatunze:

"Koti hili ni la baba yangu. Dobi alilirudisha, akalitundika msumarini nyuma ya mlango. Mimi ndiye niliyelichukua asubuhi ile nilipoondoka. Dobi, nisamehe. Wewe huna kosa."

Watu wakacheka, Baba. Walicheka mpaka wakapiga makofi, walidhani ni sehemu ya mchezo. Nimetamani kicheko kama kile maisha yangu yote, na siku nilipokipata nilitaka kulia. Mwongozaji alinifuata chumba cha mavazi. Kwanza akanitukana, halafu akaniuliza kama naweza kufanya vilevile kila wiki.

Sasa naandika rasmi, kama ulivyotaka. Mimi mwanao niliiba koti lako tarehe 3 Septemba, miaka tisa iliyopita, alfajiri. Usiku uliotangulia ulikuwa umeniambia kwamba mtu anayelipwa kwa kuchekwa hana tofauti na mtu anayechekwa bure, na kwamba kwako nisirudi mpaka nipate kazi. Siku hiyo nilikuwa na majaribio ya kuigiza. Nilipofika mlangoni nikaliona pale, lina harufu ya pasi. Nikalivaa ili nionekane mtu mwenye pa kutoka. Nilikusudia kulirudisha wiki hiyohiyo. Majaribio yenyewe nilishindwa, ndipo wakanipa kazi ya maiti.

Dobi nilisikia habari zake mwaka uliofuata. Mama aliniambia kwa simu. Nikanyamaza. Niliona aibu, kisha aibu ikazeeka nikaizoea, na kila mwaka ilizidi kuwa vigumu kurudi na koti mkononi. Hiyo ndiyo sababu ya ile misimu yote iliyokuwa ikikaribia kuisha.

Na yule si bwana wa posta. Nadhani unajua ni nani. Sikumfanya ili nimcheke. Nilikuwa mbali, nikawa nataka kumsikia mtu huyo akiongea chumbani.

Koti limo ndani ya kifurushi hiki. Bila hilo Bwana Stoo hayupo, nimejaribu, unajua. Wiki ijayo nitampisha yule wa mbuzi, nitarudi kufa kwenye tamthilia. Nilikuwa maiti mzuri, ukiacha ile chafya.

Mwanao

*

Kumb. Na. NYUMBANI/MTOTO/4
14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Goti la mama yako limepona ghafla tangu Alhamisi ile, na dada yako anasema sayansi haina maelezo. Bati nimelipanda mwenyewe nikaliziba. Sasa linavuja kwingine.

Nilichelewa kujibu kwa sababu kulikuwa na mambo ya kukamilisha, na nitayaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, Alhamisi. Nilikuwa kwenye kiti, povu limenijaa kidevuni. Kwenye kiti cha pili alikuwa Dobi. Kinyozi alipanga hivyo kwa makusudi, na amekiri. Ulipolivua koti nikajua unataka kusema nini, maana ulisugua sikio, na sikio unalisugua hivyo tangu ulipovunja saa ya ukutani ukiwa na miaka sita. Ukasema. Watu wako wakacheka, lakini kwa kinyozi hakuna aliyecheka. Dobi alinitazama kwenye kioo.

"Nilisema nililitundika," akasema.

Nikamtazama naye kwenye kioo, povu likanikaukia usoni.

Pili, Jumamosi. Kikao nilikiitisha mimi, kwa hiyo nilikwenda. Mwenyekiti akaomba mlalamikaji asimame. Nikasimama. Nikasema mlalamikaji amegundulika kuwa ndiye mkosaji, na naomba Dobi anisamehe kwa miaka tisa. Dobi akauliza kama niko tayari kutia sahihi maneno hayo. Nikatia. Sasa ameyabandika ukutani dukani, juu ya meza ya pasi, na kila nguo anayorudisha mtaani anadai sahihi mbili. Amekuwa msumbufu kuliko mimi. Jumapili tulicheza drafti, akanifunga mara saba, na nadhani alikuwa akifanya mazoezi kwa miaka tisa.

Tatu, jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Wewe umekiri, nami siwezi kubaki na langu. Asubuhi ile nilipoamka nilikuta msumari mtupu na kitanda kitupu. Mtu aliyekaa stoo miaka thelathini na moja akikuta vitu viwili vimetoka usiku mmoja, anajua kimoja kimekichukua kingine. Nilijua. Lakini kama koti limeibwa na Dobi, basi wewe umesafiri tu. Kama umelichukua wewe, basi umekimbia, na aliyekukimbiza ni mimi na mdomo wangu. Nikamchagua Dobi. Nilimtaja mara nyingi hadi nikaanza kuamini. Halafu Januari nikaliona koti kwenye mabega yako, na linakukaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi. Nikaandika ile barua ya kwanza ili useme. Ulivyokuwa mgumu kusema, nikakaza kamba. Nilimtesa Dobi bure, na hilo ninalibeba.

Ndevu sina. Hilo nalo liingie kwenye faili.

Nne, koti limefika salama. Mama yako alitaka kushona kitufe cha tatu, nikamkataza, watazamaji wamezoea kuona hakipo. Dobi amelipiga pasi bila malipo, akalileta mchana kweupe mbele ya mashahidi wawili, nami nikatia sahihi ya kupokea. Halafu likatundikwa kwenye msumari wake siku tatu. Nimelitazama siku zote tatu. Lipo pale, lakini halifanyi chochote. Kinyozi anasema Alhamisi iliyopita alikuwapo mwanamke na mbuzi, na mbuzi ndiye aliyekuwa anachekesha.

Kwa hiyo nalirudisha kwako. Lakini hakuna kitu kilichowahi kutoka mikononi mwangu bila hati, na hiki hakitakuwa cha kwanza. Utaona tarehe niliyoweka. Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kurudisha tarehe nyuma hata kwa siku moja, na kuna mtu nilimfukuzisha kwa kosa hilo. Nimelifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Mfikishie Bwana Stoo kwamba rejesta huwa haifungwi kwa kuibamiza. Inafungwa polepole.

Baba yako

HATI YA KUTOLEA VITU

Kitu: Koti moja la kahawia, la kiume.
Hali: Kitufe cha tatu hakipo. Alama ya pasi mkono wa kushoto. Mifuko imening'inia, isirekebishwe.
Limetolewa na: Baba.
Limetolewa kwa: Mwanangu.
Tarehe ya kutolewa: 3 Septemba, mwaka ule ulipoondoka.
Sababu ya kutolewa: Kazi.
Sahihi ya mpokeaji: ______________

Nakala ya pili irudishwe nyumbani. Haipokelewi kwa posta. Iletwe kwa mkono na mpokeaji mwenyewe.